Rada za chipu kwa kupima kina cha theluji kutoka kwenye droni: Novelda X4 mbele ya chipu za gigahezi 60

Anayetaka kufunga rada nyepesi chini ya droni ndogo na kurudi na ramani ya kina cha theluji atakutana na makundi mawili ya chipu. Wauzaji huyaweka kwenye rafu moja: zote zinaitwa rada za umeme mdogo, zote zinasifiwa kwa usahihi wa milimita, zote ni ndogo kuliko ukucha au zinakaribia. Ila moja inapenya theluji na nyingine inauona uso wake tu. Tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo isiyoandikwa kwenye karatasi za bidhaa.

Tunayoipima hapa kama chipu kuu ni Novelda X4 ya Norway, inayofanya kazi kati ya gigahezi 6 na 10. Tunailinganisha na Acconeer A121 ya Uswidi na Infineon BGT60TR13C ya Ujerumani, ambazo zote ni za gigahezi 60. Hukumu yetu tuitoe mapema: X4 inafaa kwa theluji kavu kuanzia sentimita 15 hadi mita moja na zaidi kidogo, haifai theluji ikishaanza kuyeyuka, na nusu ya mafanikio yake inategemea antena utakayoifunga. Zile za gigahezi 60 ni vipimo bora vya urefu wa droni kutoka juu ya uso wa theluji, lakini kina hazipimi bila msaada wa ramani ya ardhi.

Chipu za gigahezi 24 za bei ndogo ziachwe kabisa kwa kazi hii. Bendi yao ya wazi, yaani isiyohitaji leseni, ina upana wa megahezi 250, na upana huo unatenganisha vitu viwili vilivyo mbali kwa sentimita 60 au zaidi. Theluji ya sentimita 40 itaonekana kama uso mmoja.

Kipimo chenyewe ni cha miangwi miwili. Mpigo wa rada unashuka, sehemu yake inarudi kutoka kwenye uso wa theluji, iliyobaki inaingia ndani, inagonga ardhi na kurudi. Muda kati ya mwangwi wa kwanza na wa pili unakupa kina, mradi ujue mawimbi yanakwenda kwa kasi gani ndani ya theluji. Hewani yanakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde. Ndani ya theluji kavu yenye densiti ya kilo 300 kwa mita ya ujazo yanashuka hadi sentimita 24 hivi, yaani unaugawanya umbali ulioonyeshwa na rada kwa 1.25. Kwa theluji mpya ya kilo 100 gawanya kwa 1.085, kwa theluji iliyosongwa na upepo hadi kilo 500 gawanya kwa 1.42.

Kosa la densiti huingia moja kwa moja kwenye jibu. Ukikisia kilo 300 wakati theluji ni ya kilo 200, mita moja ya theluji utaisoma kama sentimita 93. Hizo sentimita saba hazitoki kwenye chipu, na hakuna chipu ya bei kubwa itakayoziondoa. Zinaondolewa na mtu mwenye bomba la kupimia densiti, anayechimba shimo mbili tatu kwenye eneo la kazi siku ileile ya kuruka.

X4 ina mipangilio miwili ya masafa: kitovu cha gigahezi 7.29 chenye upana wa gigahezi 1.4, na kitovu cha gigahezi 8.748 chenye upana wa gigahezi 1.5. Upana wa 1.5 unatenganisha sentimita 10 hewani na sentimita 8 hivi ndani ya theluji ya kawaida. Kivitendo miangwi miwili huanza kumezana kabla ya kufika hapo, kwa sababu wa ardhi una nguvu kuliko wa uso. Ndiyo maana tunaiweka sentimita 15 kuwa kikomo cha chini ambacho mtu anaweza kukitetea mbele ya mteja.

Jambo hilo la nguvu ya miangwi liangaliwe kwa karibu, maana wanaoanza hukosea hapo. Hewa na theluji kavu hazitofautiani sana kwa mawimbi ya redio: uso wa theluji ya kilo 300 unarudisha mwangwi ulio chini kwa desibeli 19 (kila desibeli 10 ni nguvu kupungua mara kumi) ukilinganisha na bati la chuma, na theluji mpya ya kilo 100 unashuka hadi karibu desibeli 28. Ardhi iliyoganda chini yake inarudisha mwangwi ulio chini kwa desibeli 11 tu. Kwa hiyo kwenye mchoro, kilele kirefu ni cha ardhi, na uso wa theluji ni kilima kidogo kilichotangulia. Programu inayochukua kilele kirefu zaidi na kukiita uso itakupa theluji ya kina sifuri, au itaanza kutafuta ardhi mahali ambapo ipo miangwi ya kurudiarudia tu. Agizo sahihi ni hili: tafuta kilele cha kwanza kinachovuka kelele, ndicho uso, kisha kilele kikubwa kinachofuata ndani ya dirisha la kina unachokitarajia.

Juu ya ziwa lililoganda hesabu inabadilika kidogo. Mpaka wa theluji na barafu unarudisha desibeli 15 chini ya bati, halafu chini ya barafu yapo maji, na maji ni kioo. Mwangwi wa maji utaufunika wa juu ya barafu kwa urahisi, hasa barafu ikiwa nyembamba. Anayepima theluji juu ya ziwa aweke dirisha la kutafutia fupi, asije akapima theluji na barafu kwa pamoja na kuziita theluji.

Sasa maji. Hapa ndipo X4 inapoanguka, na ni haki mnunuzi ajue inaangukaje. Chembe kavu za barafu karibu hazinyonyi mawimbi ya gigahezi 8, lakini maji yanayonyonya zaidi ni yale yaliyo karibu na nyuzi sifuri, na ukali wao wa kunyonya uko karibu na gigahezi 9. Yaani X4 imekaa pabaya kabisa. Theluji yenye maji asilimia 1 ya ujazo wake inakata takriban desibeli 25 kwa kila mita ya safari ya kwenda, na 50 ukihesabu kwenda na kurudi. Kwa sentimita 40 za theluji hiyo umepoteza desibeli 20. Mwangwi wa ardhi bado unaweza kuonekana, ukiwa dhaifu kuliko wa uso. Maji yakifika asilimia 2 umepoteza desibeli 43 kwa sentimita zilezile 40, na ardhi imetoweka. Ukiishika theluji ya namna hiyo mkononi inafinyangika vizuri lakini haichuruziki. Kwa lugha ya wataalamu wa theluji bado ni nyevu tu, kwa sababu daraja la mbichi linaanzia asilimia 3.

Kwa gigahezi 1, theluji ileile ya asilimia 1 inakata chini ya desibeli moja kwa mita. Ndiyo sababu rada za utafiti zimeshuka chini. Watafiti wa Norway walijenga rada ya droni inayoitwa UWiBaSS inayoanzia karibu gigahezi 1 hadi 6: upande wa chini unapenya unyevu, na upana wote kwa pamoja unatenganisha matabaka membamba. Gharama ya chaguo hilo ni uzito wa kilo badala ya gramu, antena kubwa, na droni ya kuubeba mzigo huo. X4 na bodi yake inakula chini ya wati moja na inaning'inia chini ya droni ambayo mtu mmoja anaibeba mgongoni. Hiyo ndiyo sababu bado tunaipendekeza kwa maeneo ya baridi kali, na ndiyo sababu hatuipendekezi kwa majira ya kuyeyuka.

Kuruka alfajiri baada ya usiku wa baridi kunasaidia, lakini si dawa. Uso unaganda, katikati ya tabaka maji yanabaki. Dalili yake kwenye data ni mwangwi wa uso kuwa mkali na msafi huku wa ardhi ukififia kadiri asubuhi inavyoendelea. Ukiliona hilo kwenye mistari miwili iliyopishana kwa saa moja juu ya eneo lilelile, simamisha kazi. Mistari itakayofuata haitakuwa na ardhi ndani yake.

Chipu za gigahezi 60 zina nguvu nyingine. A121 ina vipimo vya milimita 5.2 kwa 5.5, antena zikiwa ndani ya chipu yenyewe, na inaweza kulala kati ya kipimo na kipimo hivyo inakula umeme kidogo sana. BGT60TR13C ina upana wa gigahezi 5.5, unaotenganisha chini ya sentimita 3 hewani, na ina antena tatu za kupokea. Tatizo ni urefu wa wimbi: milimita 5 hewani, na hata mfupi zaidi ndani ya theluji. Chembe za theluji iliyokaa siku nyingi hufika milimita 1 hadi 3, ukubwa unaokaribia wimbi lenyewe, na mtawanyiko kutoka kwenye chembe ndogo unaongezeka kwa kipeo cha nne cha masafa. Kutoka gigahezi 8 hadi 60 ni mara saba na nusu; kwa kipeo cha nne ni zaidi ya mara elfu tatu. Mwangwi wa ardhi hauvuki ukungu huo.

Kwa hiyo tumia A121 kama rula ya juu. Ruka majira ya kiangazi, tengeneza ramani ya ardhi tupu kwa laida (kipimo cha umbali kwa leza) au kwa picha, kisha ruka tena wakati wa theluji na utoe tofauti. Njia hii haijali maji: uso mbichi unaakisi vizuri zaidi kuliko mkavu. Inachokijali ni GPS ya sentimita kwenye droni, na ubora wa ramani ya kiangazi. Penye majani marefu yanayolazwa na theluji, ramani ya kiangazi huwa imepanda juu ya ardhi halisi kwa sentimita kadhaa hadi kumi na zaidi, na kosa hilo litahama lote kuingia kwenye kina. Kwa theluji mpya iliyo laini na nyepesi, mwangwi wa gigahezi 60 unaweza kutoka kidogo chini ya uso wa macho, kwa hiyo linganisha na fimbo kabla ya kuamini sentimita za mwisho.

Turudi kwa X4, maana ina tabia moja ambayo watumiaji wa droni huilipia kwa safari kadhaa zilizoharibika. Chipu hii haisomi mwangwi wote kwa mpigo mmoja. Inatuma mipigo zaidi ya milioni 15 kwa sekunde, na kwa kila sampuli inajiuliza swali moja tu: wimbi liko juu au chini ya kizingiti hiki? Kisha inakipandisha kizingiti hatua moja na kuuliza tena, mpaka iwe imepita ngazi zote. Fremu moja ni mkusanyiko wa majibu hayo. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, ambaye ndiye chipu hii ilimlenga mwanzoni, hakuna shida. Kwa droni inayopanda na kushuka hewani, mwanzo wa fremu na mwisho wake havijapimwa kutoka urefu mmoja.

Tuweke namba. Mpangilio wa marudio 64, mipigo 87 kwa hatua, na vizingiti kutoka 949 hadi 1100 unatoa fremu 18 hivi kwa sekunde. Kila fremu inachukua milisekunde 56. Droni ikishuka kwa sentimita 30 kwa sekunde, mwendo mdogo tu wa kujisawazisha kwenye upepo, itakuwa imehama sentimita 1.7 ndani ya fremu moja. Kwa gigahezi 7.29, sentimita 2 za umbali ni duara zima la wimbi likienda na kurudi. Mwangwi unajifuta wenyewe. Kwenye mchoro utaona fremu nzuri mbili, kisha tatu tupu, kisha moja nzuri, na mwendeshaji ataanza kulaumu waya.

Dawa ni fremu fupi. Marudio 16 na mipigo 31 kwa vizingiti vilevile vinatoa karibu fremu 200 kwa sekunde, kila moja milisekunde 5. Mwendo uleule sasa ni milimita 1.5, na wimbi linabaki zima. Kila fremu ina kelele zaidi, desibeli 10 hivi zimepotea, lakini unazirudisha kwa kusogeza fremu 11 au zaidi zilingane kwenye mwangwi wa uso na kuzijumlisha. Usizijumlishe kabla ya kuzilinganisha. Kosa hilo ni lilelile la fremu ndefu, limehamia tu kwenye kompyuta.

Fremu 200 zina mzigo wake wa data. Dirisha lote la X4 ni mita 9.9, sampuli 1,536 za milimita 6.4. Hata chipu ikizipunguza hadi hatua 188 za sentimita 5, kila moja ikiwa na sehemu mbili za wimbi, ni takriban kilobaiti 300 kwa sekunde. Laini ya mfululizo (serial) ya kasi ya biti 115200 kwa sekunde inapitisha kilobaiti 11 tu. Tumia USB, na upunguze dirisha lianzie mita 3 na kuishia 7 ikiwa unaruka kwa mita 4. Kompyuta ndogo ya kubebwa kwenye droni iandike kwenye kadi yake yenyewe. Kutuma kila kitu chini kwa redio ni kujitafutia mapengo.

Angalia pia kama vilele vimekatwa vichwa. Vizingiti 949 hadi 1100 ni dirisha jembamba kuzunguka katikati, na ukifunga antena yenye nguvu na kuruka chini, mwangwi wa bati au wa maji utalijaza. Kilele kikiwa bapa juu kama meza, panua vizingiti hadi 900 na 1150. Fremu itarefuka kwa mara 1.65, kwa hiyo punguza mipigo kwa hatua ili kufidia.

Antena ndiyo sehemu tunayoomba mnunuzi aitazame kuliko chipu. Moduli nyingi za X4 huja na antena bapa zilizochapwa kwenye bodi, zinazomulika nyuzi 65 hivi. Ukiwa mita 4 juu, theluji ya sentimita 60 inaifanya ardhi ionekane sentimita 75 nyuma ya uso. Lakini uso wenyewe wa theluji, ukiutazama kwa pembe ya nyuzi 32 na nusu, nao uko umbali uleule wa mita 4.75. Yaani pembezoni kabisa mwa mwanga wa antena ya nyuzi 65, matuta na nyayo za theluji ya kando yanarudisha mwangwi kwa muda uleule ambao ardhi ya chini yako inarudisha wake. Theluji ikiwa laini kama kitambaa haisumbui. Ikiwa na mawimbi ya upepo, utapima matuta ya jirani na kuyaita ardhi.

Antena ya umbo la tarumbeta yenye mwanga wa nyuzi 20 inaliondoa tatizo hilo karibu lote. Kwa masafa haya mdomo wake ni wa sentimita 11 hivi, na inaweza kuchapwa kwa plastiki na kufunikwa ndani kwa karatasi ya shaba, mishono ikizibwa kwa gundi ya shaba au kwa risasi ya kulehemu. Zinahitajika mbili, ya kutuma na ya kupokea, zikiwa zimetenganishwa kwa sentimita 20 na kipande cha bati katikati. Kabla ya kununua bodi, hakikisha ina viunganishi vya antena. Bodi yenye antena zilizochapwa tu itakulazimisha kukata njia za shaba kwa kisu, kazi ambayo kwa gigahezi 8 haisamehe.

Urefu wa kuruka ni mapatano. Ukishuka chini ya mita 3, upepo wa mapanga unachimba theluji mpya na unapima shimo ulilolitengeneza mwenyewe. Ukipanda hadi mita 10, miangwi ya pembeni inasogea ndani ya mwanga, pembe ile ya nyuzi 32 inashuka hadi 21, na dirisha la chipu nalo limekwisha. Mita 4 hadi 5 ndipo pazuri, kwa mwendo wa mita 2 hadi 3 kwa sekunde.

Kwenye ufungaji, miguu ya droni isiwe ndani ya mwanga wa antena, na fremu ya kaboni iliyo juu ya antena ivalishwe sponji ya kunyonya mawimbi. Kila antena huvuja moja kwa moja kwenda kwa mwenzake, na mvujo huo unachafua mwanzo wa dirisha. Haudhuru ukiwa mita 4, ila mkia wake unabaki. Upime kabla ya kila safari: elekeza antena angani kwa sekunde 30, hifadhi wastani, utoe kwenye fremu zote. Mvujo hubadilika chipu inapopoa, kwa hiyo bodi iliyotoka kwenye gari lenye joto iwashwe na kuachwa nje dakika 15 kabla ya kipimo hicho. Betri, kinyume chake, zikae na joto mpaka dakika ya kuruka.

Kifuniko cha antena ni povu jeupe la plastiki la sentimita 2, mawimbi hayalioni. Lakini tazama sura yake kila unapotua. Theluji iliyorushwa na mapanga hukaa juu ya povu, na kifaa chenye joto nyuma yake kinaiyeyusha kuwa utando mwembamba wa maji usioonekana vizuri kwa macho, unaong'aa tu ukiuinamisha kuelekea mwangani. Utando huo unatosha kuzima nusu ya mawimbi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, usipulize kwa mdomo.

Kuhusu mwingiliano, redio ya droni ya gigahezi 5.8 iko karibu mno na bendi ya 7.29, na Wi-Fi ya kizazi kipya inapanda hadi 7.125. Tumia 2.4 kwa uongozaji na uhamie kitovu cha 8.748. Karibu na bandari fahamu kwamba rada za meli ziko gigahezi 9.4, ukingoni mwa bendi hiyo ya juu. Huonekana kama fremu moja iliyojaa kelele kila baada ya sekunde mbili tatu, antena ya meli inapozunguka. Fremu hizo zitupwe zisije zikaingia kwenye wastani.

Asiye na theluji karibu anaweza kuijaribu bodi kwa mchanga mkavu. Tandaza bati chini, weka boksi la mchanga wa sentimita 30 juu yake, simika antena mita 2 hadi 3 juu. Mchanga mkavu unapunguza kasi kwa takriban mara 1.6, kwa hiyo bati linapaswa kujitokeza karibu sentimita 48 nyuma ya uso. Ukikosa vilele viwili hapo, usiende kwenye theluji. Ukivipata, mwagia mchanga nusu ndoo ya maji na utazame bati likitoweka. Ni picha kamili ya kinachotokea theluji ikilowa.

Uwanjani, hakiki kwa fimbo angalau pointi 10 chini ya mstari wa droni, zikiwemo za kina kidogo na kikubwa, na uweke bati la sentimita 60 kwa 60 juu ya theluji pointi moja ili kujua uso uko wapi hasa kwenye data. Tabaka la barafu katikati ya theluji litatoa mwangwi wa tatu. Vichaka vilivyofunikwa huacha mapango yenye hewa na kuugawa mwangwi wa ardhi vipande viwili. Hakuna programu itakayokuamulia hayo bila shimo moja lililochimbwa.

Mwisho ni sheria, na isiachwe hadi vifaa vimefika. Marekani, kifungu cha 15.521 cha kanuni za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kinakataza rada za mipigo mipana kama X4 kuendeshwa ndani ya chombo cha angani, hata kama nguvu yake ni ndogo mno. Kwa gigahezi 60 hadi 64, kifungu cha 15.255 kinaziruhusu kwenye droni hadi mita 121.92 kutoka ardhini, kwa nguvu isiyozidi dBm 20 (miliwati 100), na rada inyamaze jumla ya milisekunde 16.5 katika kila 33. BGT60TR13C inaweza kuanzia gigahezi 58, kwa hiyo programu yake iwekwe ianze 60. Utabaki na upana wa gigahezi 3.5 na utenganisho wa sentimita 4 na kidogo, unaotosha kwa kupima uso. Kwa X4 omba leseni ya majaribio kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi utakayorukia, ukitaja kitovu cha masafa, upana, urefu wa kuruka na tarehe, na uiombe mapema kabla theluji haijaanguka.